Waliotoa hongo wamefungwa, waliopokea wako wapi?

Ndugu wawili wa ukoo wa Akasha wanatumikia vifungo Marekani kwa biashara ya unga iliyoanzia Mombasa. Walikiri kwamba walihonga watu wa sheria nyumbani. Sehemu hiyo ya kesi bado haijafungwa.

Na Mwandishi Wetu

Ijumaa ya tarehe 29 Agosti 2014, wanajeshi wa majini wa Kenya walikipeleka chombo kimoja kuukuu bahari kuu mbele ya Mombasa, wakakitegea baruti na kukilipua. Rais Uhuru Kenyatta alikuwa ndani ya meli ya jeshi akitazama. Chombo kiliitwa Al Noor. Kilikuwa kimekamatwa mwezi Julai kikiwa na zaidi ya kilo 370 za heroini iliyofichwa kwenye tangi la dizeli.

Ulikuwa mlipuko wa kuonekana mbali. Moto, moshi mweusi, vipande vikiruka juu ya maji. Picha zake zilijaza kurasa za mbele na ujumbe ulieleweka: serikali imewachoka wauza unga.

Siku zilezile, nchi kavu, ndani ya Mombasa hiyohiyo, mazungumzo mengine yalikuwa yamepamba moto. Baktash Akasha na nduguye Ibrahim walikuwa wakipatana na watu waliowadhania kuwa wajumbe wa genge la Kolombia. Wageni wale walitaka heroini nyingi ya kupeleka Marekani. Wiki chache baadaye, kabla watu hawajaisahau Al Noor, akina Akasha walitoa sampuli ya kilo moja.

Nimezirudia mara nyingi habari hizo mbili. Bado naamini kwamba anayetaka kuelewa biashara ya unga kwenye pwani yetu lazima aziweke pamoja: mlipuko wa baharini uliotazamwa na nchi nzima, na mapatano ya chumbani ambayo wachache waliyajua.

> Chombo hakina wakili, hakina dhamana, hakina rafiki mahakamani. Ndiyo maana ni rahisi kukilipua.

Urithi wa mzee

Jina la Akasha halikuanza na hawa vijana. Baba yao, Ibrahim Akasha, alikuwa mtu wa kuogopwa Mombasa miaka ya 1990. Biashara yake kubwa ilikuwa hashishi na vidonge vya Mandrax, na mtandao wake ulianzia Asia ya Kusini ukafika Afrika Kusini na Ulaya. Mwanzoni mwa mwaka 2000 polisi walikamata karibu tani tano za hashishi upande wa Likoni, shehena iliyohusishwa na mtandao huo.

Tarehe 3 Mei 2000 mzee aliuawa kwa kupigwa risasi mjini Amsterdam, akiwa anatembea na mkewe katika mtaa uitwao Bloedstraat. Jina la mtaa huo kwa Kiholanzi ni Mtaa wa Damu. Wahalifu wa Uholanzi aliofanya nao biashara walikuwa wamegombana naye kwa sababu ya fedha za mzigo.

Kifo chake kilifungua ugomvi wa urithi. Mwaka 2002 mwanawe Kamaldin naye aliuawa kwa risasi katika kituo cha mafuta Mombasa. Kati ya waliobaki, Baktash ndiye aliyeshika usukani, na Ibrahim mdogo akawa mkono wake wa kulia.

Wengi tunakosea tunaposimulia habari hizi, tukazifanya hadithi ya ukoo mmoja mbaya, kana kwamba unga ulikuja na damu yao. Ukoo ulikuwa na majumba, magari na jina la kutisha. Lakini unga haukulimwa Nyali, mtaa wao wa Mombasa. Ulikuja kutoka mbali, na mtu ambaye hana kinga kwenye njia nzima hawezi kuufikisha.

Njia ya majahazi

Heroini inayopita kwetu huanzia mashamba ya afyuni ya Afghanistan. Utomvu hugeuzwa unga, kisha huteremshwa hadi pwani ya Makran, ule ukanda mkavu uliogawanywa kati ya Iran na Pakistan. Huko hupakiwa kwenye majahazi ya mbao yenye injini, yasiyotofautiana kwa macho na vyombo vya wavuvi wa kawaida.

Kalenda yake ni ya pepo zetu. Kusi likivuma kwa nguvu kati ya Juni na Septemba bahari huchafuka na safari hupungua. Maji yakitulia, na kaskazi ikaanza kuvuma mwishoni mwa mwaka, majahazi hurudi. Ni pepo zilezile zilizowaletea mababu zetu tende na mazulia.

Jahazi la unga haliingii bandarini. Linakaa mbali nje, usiku, likingoja boti za mwendo kasi kutoka ufukweni. Mzigo ukishashushwa, sehemu hubaki kwa soko la hapa na sehemu kubwa huendelea na safari: kwa lori kuelekea kusini kupitia Tanzania na Msumbiji hadi Afrika Kusini, au ndani ya makontena, au tumboni mwa kijana aliyemeza kete na kupanda ndege.

Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilisimamisha jahazi maili 27 za baharini mashariki ya Mombasa na kukuta kilo 1,032 za heroini. Tani nzima, si mbali na pwani yetu. Mara nyingi meli za kigeni zinapokamata katika bahari kuu humwaga mzigo majini na kuwaacha mabaharia waondoke, kwa sababu hazina mamlaka ya kuwashtaki. Mzigo unapotea, mwenye mzigo hajulikani, na jahazi lingine linapakiwa.

Siku hizi methamfetamini imeingia njia hiyohiyo. Oktoba 2025 jeshi la majini la Kenya lilikamata jahazi lisilo na bendera likiwa na zaidi ya tani moja ya dawa hiyo na mabaharia sita raia wa Iran. Safari hii chombo kililetwa Mombasa na watu wakafikishwa mahakamani. Ni hatua. Lakini mabaharia ni vibarua wa bahari, na hakuna kibarua mwenye uwezo wa kununua tani ya dawa.

Mtego wa Nyali

Wale wajumbe wa Kolombia hawakuwa Wakolombia. Walikuwa watu wa siri waliotumwa na DEA, idara ya Marekani ya kupambana na dawa za kulevya, wakishirikiana na kikosi maalumu cha polisi wa Kenya. Mikutano ilirekodiwa kwa sauti na kwa picha. Akina Akasha walijieleza wenyewe, kwa vinywa vyao, bila kujua nani anasikiliza.

Hawakuwa peke yao mezani. Alikuwapo Vijaygiri Goswami, maarufu Vicky, Mhindi aliyewahi kufungwa miaka mingi Dubai kwa ajili ya Mandrax. Alikuwapo pia Gulam Hussein, mzee wa Kipakistani ambaye kazi yake ilikuwa kusafirisha shehena kwa bahari. Na nyuma yao, upande wa bidhaa, alikuwapo Muhammad Asif Hafeez, mfanyabiashara wa Kipakistani aliyeishi London na kujionyesha kama muungwana wa jamii ya juu.

Ukiitazama meza ile utaelewa kwa nini neno genge halitoshi. Mmoja ana bidhaa, mwingine ana chombo, wa tatu anajua kemia na masoko ya Asia. Waliobaki wana Mombasa. Mchango wa akina Akasha katika ubia huo ulikuwa mji wetu: bandari yake, barabara zake na watu wake wenye vyeo.

Mwanzoni mwa Novemba 2014 Ibrahim mwenyewe alikabidhi kilo 98 za heroini jijini Nairobi. Pamoja na ile sampuli, zilitimia kilo 99, na juu yake kilo mbili za methamfetamini. Tarehe 9 Novemba polisi walivamia nyumba Nyali na kuwatia mbaroni watu wanne: ndugu wawili, Goswami na Hussein.

Ushahidi ulikuwapo. Ombi la Marekani la kuwachukua lilikuwapo. Mtu mwenye imani ya kawaida angedhani kazi imekwisha.

Miaka miwili ya kuahirisha

Wanne wale walipewa dhamana. Kesi ya kuamua kama wapelekwe Marekani au la ikaanza kutembea kwa mwendo wa kobe. Leo faili halionekani, kesho wakili ana udhuru, keshokutwa hakimu hayupo. Aliyewahi kukaa kwenye mabenchi ya mahakama zetu anaijua hali hiyo, wala hahitaji kuambiwa kwamba kila tarehe mpya ina mtu inayemfaidi.

Kwa nini ilikuwa hivyo, tulikuja kuambiwa na wahusika wenyewe, lakini kwa Kiingereza na mbele ya jaji wa New York. Oktoba 2018 Baktash na Ibrahim walikiri mashtaka yao yote. Yalihusu heroini, methamfetamini na silaha. Na miongoni mwake kulikuwa na shtaka ambalo kwangu mimi ndilo zito kuliko yote: kuzuia haki kwa kutoa hongo.

Waendesha mashtaka wa Marekani walieleza kwamba fedha zilikwenda kwa maafisa wa polisi, waendesha mashtaka na mahakimu wa Kenya, ili ombi la kuwapeleka Marekani lisifike mwisho. Wakieleza hayo walitaja pia utekaji nyara wa washindani kwa silaha, na mauaji ya mfanyabiashara mpinzani huko Afrika Kusini mwaka 2014.

Na biashara haikusimama. Wakiwa nje kwa dhamana waliendelea kuuza malighafi ya Mandrax, na mapato yake yakasaidia kulipia hizo hongo. Walikuwa na mpango mkubwa zaidi: kujenga kiwanda cha methamfetamini Msumbiji, wakitumia efedrini kutoka kiwanda cha dawa huko Solapur, India. Mpango huo ulikwama mwaka 2016 polisi wa India walipovamia kiwanda na kukuta tani nyingi za efedrini.

Soma tena aya hiyo polepole. Watu wanaoshtakiwa kwa unga wanauza dawa ili wapate fedha za kuihonga mahakama inayowashtaki kwa unga.

> Mchango wa akina Akasha katika ubia huo ulikuwa mji wetu: bandari yake, barabara zake na watu wake wenye vyeo.

Kuwapeleka au kuwahukumu nyumbani?

Mwishoni mwa Januari 2017 serikali ya Kenya ilichoka kusubiri, au iliona haya, sijui ipi ilitangulia. Wanne wale walichukuliwa, wakaingizwa ndegeni na kukabidhiwa kwa Wamarekani. Tarehe 31 Januari walisimama mahakamani Manhattan. Kesi yao ya Mombasa ilikuwa haijaamuliwa.

Mawakili wao walipiga kelele, na hawakuwa peke yao. Hoja yao haikuwa ya kupuuzwa. Katiba ya 2010 haimpi waziri wala mkuu wa polisi mamlaka ya kumnyakua raia wakati hakimu bado anasikiliza kesi yake. Leo ni muuza unga, kesho atakuwa mwandishi wa habari au mwanasiasa wa upinzani. Mlango ukishavunjwa, anayepita hachaguliwi.

Upande wa pili walijibu kwa hoja iliyotokana na uchungu. Mtaani Mombasa watu wengi walisema wazi kwamba afadhali. Familia iliyozika kijana haina subira na utaratibu unaonunuliwa. Kama hakimu wa nyumbani amefungwa mdomo, basi na awahukumu yeyote ambaye mkono wao haumfikii.

Mimi nimezipima hoja zote mbili na siwezi kuitupa hata moja. Utaratibu ulivunjwa, hilo halina ubishi. Na utaratibu wenyewe ulikuwa umekwisha kuuzwa, hilo nalo wauzaji wa unga wamelikiri. Lakini kuna jambo la tatu ambalo katika kelele za pande mbili halikupewa nafasi. Ndege ile iliwabeba watoaji wa hongo ikawaacha wapokeaji.

New York haikuwa na haja ya kumshtaki hakimu wa Kenya. Kazi yake ilikuwa heroini iliyokusudiwa kuingia Marekani, na kazi hiyo iliimaliza vizuri. Tarehe 16 Agosti 2019 Jaji Victor Marrero alimhukumu Baktash kifungo cha miaka 25. Tarehe 10 Januari 2020 Ibrahim alipewa miaka 23. Kila mmoja alitozwa faini ya dola 100,000. Goswami alikuwa amekubali kushirikiana na serikali na kutoa ushahidi. Hafeez, aliyekamatwa London Agosti 2017, alipigania kwa miaka asipelekwe, akafika Marekani mwaka 2023, akakiri, na mwaka 2025 akafungwa miaka 16.

Meza ile ya Nyali ilishughulikiwa na wageni. Sehemu ya kesi iliyokuwa yetu, ile ya nani alipokea bahasha, kwa ajili ya faili lipi na kwa kiasi gani, ndiyo iliyobaki. Baada ya hukumu zile wakubwa wa mashtaka jijini Nairobi walisema hadharani kwamba wangeyafuatilia majina. Ahadi hiyo sasa imezeeka.

Ng'ambo ya mpaka wa Horohoro

Ndugu zetu wa Tanzania wana kisa kinachofanana na hiki. Januari 2012 zaidi ya kilo 200 za heroini zilikamatwa Lindi. Aliyetajwa kuwa kinara wa mtandao ule, Ali Khatib Haji Hassan, aliyejulikana kama Shkuba, alikamatwa mwaka 2014. Machi 2016 Wizara ya Fedha ya Marekani ilimtangaza kuwa miongoni mwa vinara wa dawa za kulevya duniani na kufungia mali zake. Mwaka 2017 naye alipelekwa Marekani.

Pale nako swali lilikuwa hilohilo: kwa nini Marekani iweze kilichoshindikana nyumbani? Tanzania ilijaribu kujibu kwa kubadili sheria. Sheria ya mwaka 2015 iliunda Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya na kuipa nguvu ya kukamata, kupekua na kuchunguza yenyewe. Desemba 2023 mamlaka hiyo ilitangaza kukamata kilo 3,182 za heroini na methamfetamini Dar es Salaam na Iringa, nyingine zikiwa zimefungwa katika vifungashio vya kahawa na majani ya chai.

Tani tatu ni ushindi. Ni kipimo pia cha kiasi kinachopita, maana hakuna mfanyabiashara anayehatarisha tani tatu kwa mara moja kama hajazoea kupitisha.

Na Tanzania imetufunza jambo jingine kuhusu dagaa wa biashara hii. Kuna vijana waliopelekwa Pakistan na kuachwa huko kama rehani ya mzigo uliotolewa kwa mkopo; wao wanaita kuwekwa bondi. Tajiri wa Dar asipolipa, anayeumia ni yule aliyebaki kwenye chumba kilichofungwa kwa nje. Wengine walifungwa Hong Kong baada ya kukamatwa uwanja wa ndege na kete tumboni. Kuanzia mwaka 2013 wafungwa wale waliandika barua kuwaonya vijana wa nyumbani, na padre aliyewahudumia, John Wotherspoon, akazisambaza na hata kusafiri mwenyewe kuja Afrika Mashariki kueneza ujumbe wao. Barua za mkono, zenye majina ya mitaa tunayoijua. Sijaona kampeni ya serikali yoyote iliyozungumza kwa ukweli kama zile barua.

Kikombe cha asubuhi

Sikutaka kuandika makala hii ikaishia kwa majaji na majahazi. Kwa hiyo nilirudi asubuhi moja kwenye kituo cha methadoni hapa Pwani, mahali ambapo mzigo wa wakubwa hulipiwa.

Saa moja na nusu foleni ilikuwa imeshatoka nje ya geti. Wanaume wengi, wanawake wachache wamesimama pembeni, mmoja amembeba mtoto aliyelala. Nguo safi, zilizopauka kwa kufuliwa. Mwenye kanzu alikuwa amefunga kilemba vizuri kama anayekwenda swala ya Ijumaa.

Utaratibu ni uleule kila siku, hata sikukuu. Mtu anafika dirishani, anataja namba yake. Muuguzi anahakiki, anapima dawa kwa pampu, inashuka kwenye kikombe kidogo cha plastiki, maji ya kama mafunda mawili. Mtu anakunywa palepale, mbele ya macho yake. Kisha anaongezewa maji, anasuuza kikombe, anakunywa tena. Muuguzi anamtaka aseme neno, salamu tu, ili ajue dawa imeshuka kooni na haikufichwa shavuni. Kila aliyetoka dirishani alikuwa amesalimia.

Kisha wanaondoka. Mwenye mkokoteni anaufuata mkokoteni wake, mwenye duka analifuata duka lake. Kesho wote watarudi, kwa sababu siku moja bila kikombe ni mwanzo wa arosto: mifupa inauma, pua inachuruzika, tumbo linaharisha, mwili unatetemeka juani.

Tanzania ndiyo iliyotangulia katika hili, Februari 2011 katika Hospitali ya Muhimbili. Kenya ilianza Nairobi mwishoni mwa 2014, na mwaka 2015 huduma ikafika Malindi na Mombasa. Wapo viongozi wa dini na wazee wa mitaa walioipinga, wakisema ni kumtoa mtu kwenye kilevi kimoja na kumtia kwenye kingine. Wasiwasi wao nauheshimu. Lakini nimewajua mateja walioiba sufuria jikoni kwa mama zao zikiwa bado na chakula, na wawili kati yao leo wanalipa kodi ya nyumba. Dirisha lile ndilo lililowafikisha hapo.

Waliochelewa hawakupata bahati hiyo. Mwaka 2005 watafiti waliripoti kutoka Dar es Salaam jambo la kutisha: mwenye kete akishajidunga, anavuta damu yake kwenye bomba la sindano na kumpa mwenzake asiye na fedha ajidunge, kwa imani kwamba damu hiyo ina unga wa kutosha kumtuliza arosto. Walikuwa wanahurumiana kwa kitu pekee walichokuwa nacho. Na humo humo wakaambukizana virusi vya Ukimwi na homa ya ini.

Kutoka pale nilipokuwa nimesimama hadi Nyali ni mwendo mfupi. Wale waliokuwa kwenye foleni wengi wana umri wa miaka 30 na 40. Walikuwa watoto au vijana wadogo wakati mzee Akasha anauawa Amsterdam, na walikuwa maskani wakibwia wakati faili la wanawe likiahirishwa. Kila mwezi uliopotea mahakamani ulikuwa mwezi mwingine wa kete mtaani.

Kinachodaiwa

Mwaka 2022 Kenya ilirekebisha sheria yake ya dawa za kulevya ya 1994 na kuongeza adhabu. Adhabu kali ni jambo jema, lakini mtu anayemlipa hakimu hahesabu miaka iliyoandikwa kwenye sheria. Anahesabu bei ya hakimu.

Kwa hiyo ombi langu ni dogo na linatekelezeka. Kumbukumbu za kesi ya New York zipo. Shahidi aliyeeleza jinsi fedha zilivyotembea yupo. Faili la Mombasa, pamoja na kila tarehe iliyoahirishwa na jina la aliyeiahirisha, linapaswa kuwapo. Ofisi ya Mkurugenzi wa Mashtaka ya Umma, Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi na Tume ya Huduma za Mahakama zina mamlaka yote ya kuviweka vitu hivyo vitatu kwenye meza moja na kutuambia wamekuta nini. Asiye na hatia asafishwe jina. Mwenye hatia ashtakiwe hapahapa, mbele ya watu aliowauza.

Wabunge wa Pwani, ambao kila uchaguzi hutembelea maskani na kuahidi kuwaokoa vijana, waulize swali hili bungeni kwa maandishi na wadai jibu kwa maandishi. Na wewe msomaji, mbunge wako akija mtaani kwenu, muulize kama ameshaliuliza.